Kopo la Vifungo na Mwanamume wa Kisasi

Niko kwenye kundi la simu la wanawake wasomaji, wengi wetu wa Jinja na wachache wa Mbale, na wiki hii wamekamatana tena juu ya mwanamume wa kisasi. Mnamjua. Ni yule tajiri wa kwenye riwaya za mapenzi, vile vitabu vyembamba vya Kiingereza vyenye jalada la mtu aliyesahau kufunga shati. Zamani baba wa msichana alimdhulumu baba yake, basi yeye amekaa miaka kumi na hasira yake, kisha anamtafuta huyo msichana na kumwoa ili, kupitia kwake, aumize ukoo mzima. Halafu, kitabu kikikaribia kuisha, anagundua kwamba anampenda. Anajuta, analia kidogo, anasamehewa.

Mmoja wa Mbale ameandika kwamba mwanamume wa namna hiyo hafai hata kupewa maji ya kunywa. Mwingine amemjibu kwamba bila kisasi hadithi hainogi, na kwamba mwanamume mpole unamchoka kabla ya ukurasa wa ishirini. Wa tatu ni mwalimu, naye ametuma sauti ya dakika nne akieleza kwamba kosa si la mwanamume, ni la mwandishi, kwa sababu anatutaka tumsamehe mtu ambaye hata hajaomba msamaha vizuri. Kisha wamenigeukia mimi. Mbona wewe ndiye unayetuletea vitabu, lakini tukifika kwa huyu mtu unanyamaza? Nimewatumia kikaragosi kinachocheka. Sina cha kucheka. Nina jibu, ila haliingii kwenye sauti ya dakika nne.

Mama yangu ni fundi wa cherehani huko Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, kwenye zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa viwandani. Anashonea barazani. Mimi nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, na mke wa mwenye duka, mama wa Kihindi aliyezaliwa papa hapa Jinja, ndiye aliyenionyesha sanduku la riwaya ambazo binti zake waliziacha walipoolewa ng'ambo. Alinipa kimoja kimoja. Nikirudisha kimoja, ndipo ninapewa kingine. Siku ya kwanza aliniambia, "Soma tu, lakini usihangaike na mwisho. Mwisho wote ni mmoja."

Nikawa ninavipeleka barazani kwa mama kila Jumamosi alasiri. Nilikuwa na wasikilizaji watatu. Mama mwenyewe, Msoga ambaye Kiingereza chake kiliishia darasa la nne. Hajati, jirani yetu, mjane, binti wa askari aliyekulia kambini, ambaye Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha sisi sote. Na mke wa dereva wa lori, Mkenya, ambaye mumewe alikaa barabarani siku nyingi kuliko alizokaa nyumbani. Lugha iliyotukutanisha ilikuwa Kiswahili, na wapita njia walikuwa wakitutania kwamba tunaongea kama askari wanaotaka kumkamata mtu. Mimi nilisoma mstari wa Kiingereza kimoyomoyo, nikautoa kwa Kiswahili, na cherehani ya mama ilisimama kila hadithi ilipokolea.

Tulikuwa na desturi yetu, ambayo sijaiona pengine. Kabla ya sura ya mwisho, mama alishusha kopo lake la vifungo, na kila msikilizaji akachagua viwili, cheupe na cheusi. Cheupe maana yake mwanamume asamehewe. Cheusi maana yake aachwe. Kila mmoja alitumbukiza kimoja kwenye kikombe cha bati na kusema sababu yake. Hatukuwa tunabahatisha mwisho, kwa maana mwisho tuliujua, wote wanasamehewa. Tulikuwa tunatoa hukumu yetu wenyewe, mwandishi apende asipende. Sheria ilikuwa moja tu: msomaji hana kifungo. Mama ndiye aliyeiweka.

"Wewe unaona mbele," aliniambia. "Wewe ni kama jaji amekula na mshitakiwa."

Hajati hakuwahi kutoa cheupe kwa mwanamume wa kisasi. "Mtu mwenye hasira ya miaka kumi ni mgonjwa," alisema. "Mgonjwa hupelekwa hospitali, haozwi mke." Mke wa dereva naye hakuwahi kutoa cheusi. "Huyo angalau amekuwaza miaka kumi," alisema. "Wangu akifika mpakani Malaba tu ashasahau niko na uso gani." Mama yeye alikuwa wa maswali. Alitaka kujua nani anamfulia huyo bwana mashati meupe yote hayo, na kazi zake nani anafanya wakati yeye anawinda watu. Tulicheka hadi mate yakatupalia. Lakini siku moja aliuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye pindo, "Banange jamani, baba ya huyu dada ndiye alikosa. Sasa yeye mwenyewe alikosa nini?"

Sote tulijua swali hilo lilimhusu yeye mwenyewe.

Baba yangu alikuwa Mkenya, fundi wa magari kando ya barabara kuu. Ndiye aliyemfundisha mama Kiswahili. Alimposa kwa Kiswahili, akamgombeza na kumbembeleza kwa Kiswahili, kisha akaondoka na kumwachia hiyo lugha.

Nilikuwa na miaka kumi na tano bibi yangu, mama yake mama, alipofariki. Kijijini kwao, kwenye mazishi, wakwe wa kiume huitwa mbele, na kila mmoja hupewa kipaza sauti aseme neno. Baba alijiandaa. Alikuwa na karatasi mfukoni, na koti alilolinunua kwa ajili ya siku hiyo. Wajomba zangu hawakuwahi kumpenda, walimwita mtu wa kuja. Mwenye kusoma ratiba akawaita wakwe mmoja baada ya mwingine, hata mmoja ambaye bado alikuwa anachumbia tu, lakini akamruka baba. Baba alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameshafunga koti. Akasimama vile katikati ya watu walioketi, kisha akakaa, na nyuma yetu mtu akacheka.

Wiki mbili baadaye alihamia Mbale. Hakupiga mtu, hakuvunja kitu. Alimwambia mama, "Ndugu zako wamenionyesha mahali pangu," akachukua sanduku lake la spana, akaenda. Tangu siku hiyo hakumsemesha tena. Mimi alinipigia simu kila mwezi. Aliniuliza habari za shule, baadaye habari za kazi. Nikisema, "Mama huyu hapa," na kumpa mama simu, simu ilikatika. Nikimpigia tena, aliipokea. Nikimpa mama tena, ilikatika tena. Miaka kumi na moja. Mama hakuwa amesoma ratiba ile, wala hakuwa amecheka. Nilimchukia baba kwa ajili hiyo, na sioni haya kulisema. Ninayoyaonea haya yako mbele.

Mwaka juzi, wakati wa kiangazi, simu ya mama mwenyewe iliita. Tulikuwa wote barazani. Aliipokea akiwa na pini mdomoni, akasikiliza, akazitoa pini moja moja na kuzichomeka kwenye mkono wa gauni alilokuwa analishona. Alisema "ndiyo" mara tatu. Alipomaliza, alituambia kwa sauti ile ile anayotumia kusema kwamba uzi mweusi umekwisha mjini.

"Baba ya huyu mtoto iko mgonjwa. Ni moyo, miguu imejaa maji. Anaomba niende Mbale. Anasema iko na neno ya kuniambia kwa mdomo, si kwa simu."

"Usiende," akasema Hajati papo hapo. "Miaka yote hiyo mdomo wake ulikuwa wapi?"

"Enda, dada," akasema mke wa dereva. "Enda na umbebee kuku. Mtu akiwa mgonjwa haulizwi ya jana."

Mama akarudisha mguu kwenye cherehani. "Kwanza tumalize kitabu," akasema.

Sikukichagua kitabu kile, naapa. Kilikuwa ndicho kilichokuwa juu kwenye sanduku. Mwanamume wa humo alikuwa na mashamba ya mizabibu. Babu wa msichana aliwahi kuifedhehesha familia yake mbele ya mji mzima, naye akamwoa msichana kisha akamwacha peke yake kwenye nyumba kubwa mlimani, bila kumpiga, bila kumtukana, bila kumsemesha. Mama hakuuliza tena nani anafua mashati.

Jumamosi ya sura ya mwisho nilifika Walukuba nikakuta gomesi ya mama, lile gauni lake la heshima, imeanikwa kambani. Ile ya zambarau, yenye mshipi wa dhahabu, ambayo hukaa chini kabisa ndani ya sanduku pamoja na dawa ya nondo na hutoka kwa harusi na matanga tu. Alikuwa anaipunga hewa. Niliposimama mbele yake nilielewa kwamba mama alikuwa ameshaamua, na kwamba anaenda. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa moto. Miaka kumi na moja ya kukatiwa simu, na gomesi inatolewa kwa simu moja!

Kopo lilishushwa. Hajati akatoa cheusi. Mke wa dereva akatoa cheupe. Mama akavishika vyake vyote viwili mkononi, akafumba ngumi.

"Mimi nitaweka nikisikia mwisho," akasema.

"Hiyo si sheria," Hajati akalalamika.

"Leo tu, Hajati."

Nilikuwa nimeshausoma mwisho dukani, wakati wa chakula cha mchana. Ulikuwa ule ule wa vyote. Mama alijua utakuwa ule ule. Sasa naona kwamba alitaka tu kuusikia ukisemwa kwa sauti mbele ya wenzake, ili ainuke na kwenda kwa mumewe bila mtu kumwona mjinga. Kitu kidogo hivyo. Nilikuwa na uwezo wa kumpa, kilikuwa kimeandikwa mbele yangu.

Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Hiki kidole ndicho kinachoniuma hadi leo, kwa sababu nilikuwa nakisogeza mstari hadi mstari kama mtu anayesoma kweli.

"Msichana alisimama," nikasema. "Akachukua begi lake. Mwanamume akamwomba asubiri, asikie neno moja tu. Msichana akamwambia, umechelewa. Akafunga mlango. Akaenda mjini, akafungua duka lake la maua, akaishi vizuri, wala hakumkumbuka tena."

Nikafunga kitabu.

Hajati alipiga makofi. "Alhamdulillahi! Hatimaye tumepata mwandishi mwenye akili." Mke wa dereva alinung'unika kwamba tumedanganywa, kwamba hadithi ya mapenzi haiishii kwenye duka la maua. Mama alikitazama kitabu mapajani mwangu, kisha akanitazama mimi usoni, kwa muda mrefu, nami nikajifanya napanga karatasi ya kukifungia. Akafumbua ngumi. Akatumbukiza cheusi.

"Haya," akasema. Akainuka, akaiondoa gomesi kambani, akaikunja.

Hakwenda Mbale. Baba alipiga simu mara mbili tena, na mara zote mbili nilimsikia mama akimwambia kwamba ana sare za shule nyingi za kumaliza. Alimjibu vizuri. Hakumkatia simu. Wiki ya tatu alipiga mwanamke tusiyemjua, mfanyabiashara wa mboga kutoka Nakaloke ambaye alikuwa akimpelekea baba nyanya na vitunguu, na kufikia mwisho alikuwa akimpikia pia. Alisema, "Mzee ametuacha."

Alizikwa Wanale, nje ya Mbale, chini ya mlima, kwenye kipande cha shamba alichokuwa akilima maharage. Ndugu zake walikuja kutoka Kenya, wachache, wamechoka na safari. Kabla ya ibada yule mama wa Nakaloke alituonyesha chumba cha baba. Kitanda, sanduku la spana, jiko. Na kiti kimoja cha plastiki, kipya, bado kimebandikwa karatasi ya dukani. Yule mama akasema, "Hiyo kiti hakuna mtu alikaa. Mimi nikija, ananiambia nikae kwa kitanda. Ilikuwa ya mama watoto. Alisema huyo hawezi kuja kutoka Jinja akae kwa kitanda ya mgonjwa."

Mama alikigusa kile kiti kwenye mgongo wake, basi. Hakukikalia.

Msemaji wa shughuli alikuwa binamu ya baba, mtu muungwana. Hakumruka mtu. Alisoma orodha, na alipofika kwa mjane akamwita kwa heshima, akashuka mwenyewe kumletea kipaza sauti. Mama akasimama ndani ya gomesi yake ya zambarau. Watu wakangoja. Nilidhani ataeleza habari za koti na karatasi ya mfukoni, au za miaka kumi na moja, na alikuwa na haki ya kueleza.

"Aliniita," mama akasema. "Nimechelewa."

Akarudisha kipaza sauti. Neno lile nililiokota mimi, barazani, kutoka kwenye ukurasa ambao halikuwamo. Nililia kwa namna ambayo wenyeji waliniona binti mwenye mapenzi sana kwa babake, wakanishika mabega.

Jumamosi za kusoma zilikufa baada ya hapo. Nilimwambia Hajati kwamba mama wa dukani ameishiwa vitabu. Ukweli ni kwamba kitabu kile sikukirudisha, na bila kukirudisha sikuweza kupewa kingine. Nilikificha kabatini kwangu chini ya mashuka. Miezi saba nilikaa nacho.

Kisha alasiri moja tulikuwa wawili tu, mama akishona kaptura za shule, mimi nikikata nyuzi. Sijui kwa nini siku hiyo. Nikasema, "Mama, ule mwisho nilikudanganya."

Cherehani haikusimama. "Nilijua," akasema.

Nikadhani hakunisikia vizuri. Nikarudia.

"Nimekwambia nilijua. Kurasa zilibaki mingi kwa mkono yako ya kulia. Mimi napima kitambaa kwa macho miaka thelathini, nitashindwa kupima kitabu? Na vitabu yote inaisha na kusamehe. Hiyo moja tu ndiyo ilikataa?"

"Sasa kwa nini hukwenda?"

Hapo ndipo aliposimamisha gurudumu kwa kiganja. Mama si mtu wa kuficha maneno, lakini haya alikuwa ameyaweka ndani tangu kiangazi kile na yalikuwa mazito kutoka.

"Nilikuangalia uso. Nikasema, huyu mtoto akifika pahali ya kunidanganya mbele ya watu, basi ameumia kushinda mimi. Nikienda Mbale, nitarudi nipate mtoto hakuna. Bwana nilikuwa nimezoea kukosa. Wewe, hapana."

Nilikuwa nimemwadhibu mwanamke huyu kwa kosa la mtu mwingine, nikijiona namlinda, na yeye alikaa chini akaikubali adhabu ili asinipoteze. Tajiri wa mizabibu aliadhibu waziwazi; mimi niliadhibu huku kidole kikitembea kwenye mistari.

"Enda ulete hiyo kitabu," akasema. "Nisomee vile iliandikwa."

Nikaenda kwangu nikakileta. Nikasoma polepole, sikuacha hata sentensi moja. Mwanamume alikuwa amerudi kwenye nyumba ya marehemu babake, anaona haya kuonekana. Msichana alikaa siku tatu akiwaza. Siku ya nne akapanda treni. Akatembea kutoka kituoni kwa miguu, akagonga mlango, na mwanamume alipofungua alimwambia, "Nilikuadhibu kwa kosa la watu wengine." Msichana akamwacha amalize yote aliyotaka kusema. Kisha akaingia ndani.

"Kumbe alikwenda," mama akasema.

Akalia basi, kwa mara ya kwanza mbele yangu tangu Wanale, akijifuta na kaptura ya mtoto wa watu. Nililia naye. Baadaye akanyoosha mkono akashusha kopo la vifungo, akachagua viwili, akaviweka kwenye kiganja changu.

"Leo msomaji pia iko na kifungo. Hukumu."

"Nimhukumu nani, mama? Baba, au huyu wa kitabu?"

"Mwenye kisasi."

Alinitazama vile vile alivyonitazama ile Jumamosi. Wenye kisasi walikuwa watatu, na aliyekuwa hai kusikia hukumu alikuwa mmoja tu. Nilivishika vile vifungo, sikuweza kutumbukiza hata kimoja. Cheusi kilinistahili, lakini nilikiogopa. Mama akangoja, akaona siwezi, akachukua cheupe kutoka mkononi mwangu na kukidondosha yeye kwenye kikombe, kisha akarudi kwenye kaptura zake.

Mwalimu wetu wa kwenye kundi amenitumia ujumbe tena jioni hii, anataka maoni yangu. Sijamjibu. Siku ile mama aliposhona hadi giza likaingia, nilikaa pale pale kando yake, na mpaka nilipoaga nikaondoka nilikuwa sijamwomba msamaha vizuri.